Nakuru hadi Mfangano: Pwani ya Ziwa kwa Matatu, Feri na Boti

Shule zinapofungwa mwezi wa Agosti, mabasi ya Nakuru hujaa abiria waelekeao Mombasa, Malindi na Lamu, na nauli hupanda kabla mizigo haijapakiwa. Sina ugomvi na bahari. Lakini mkazi wa Nakuru anayetaka maji, visiwa, samaki na mji wenye historia ana pwani nyingine upande wa magharibi, ile ya Ziwa Victoria, ambayo anaweza kuifikia kabla ya chakula cha mchana, na ambayo wengi wetu huiona tu tunapokwenda mazishini au harusini. Mwaka huu nilimshawishi mjomba wangu, mstaafu wa reli aliyefanya kazi miaka mingi katika karakana, tuizunguke pwani hiyo: Kisumu, visiwa vya Rusinga na Mfangano, kisha maboma ya mawe ya Thimlich Ohinga, na kurudi nyumbani kupitia Kisii na Kericho.

Maelezo haya nimeyapanga baada ya kurudi, kutokana na daftari nililokuwa nikiandika jioni na picha za simu. Bei ni zile tulizolipa sisi, kwa hiyo zichukuliwe kama kipimo tu. Jambo moja nalitanguliza kwa sababu lilitawala safari nzima: ziwani shughuli ni za asubuhi. Samaki hushushwa alfajiri, boti huondoka maji yakiwa yametulia, na upepo wa ziwa ukishaanza kuvuma baada ya saa sita mchana, ratiba ya msafiri huwa mikononi mwa upepo huo.

Jumatano: Nakuru hadi Kisumu

Matatu ya viti kumi na vinne haiondoki hadi ijae, kwa hiyo tulikaa garini tangu saa kumi na mbili na nusu tukaondoka saa moja na robo. Nauli ilikuwa shilingi 800 kwa kila mmoja. Mjomba alitaka kiti cha dirishani ili aione reli, na kijana aliyekuwa amekikalia akampisha mara moja: "Kaa hapa, mzee, mimi nitalala tu."

Kutoka Nakuru barabara hupanda karibu bila kupumzika. Inapita Salgaa, yenye malori yaliyojipanga kandokando na ukuta wa saruji unaotenganisha magari yanayopanda na yanayoshuka, halafu Sachang'wan, ambako lori la mafuta liliwaka moto Januari 2009 na kuua zaidi ya watu 100. Dereva wetu, ambaye alikuwa akizungumza bila kikomo tangu mjini, alinyamaza hapo na kupunguza mwendo, na wala hakuna abiria aliyeuliza kwa nini.

Reli nayo huupanda mlima huohuo kwa njia zake. Mjomba alinieleza kuwa stesheni ya Mau Summit iko zaidi ya mita 2,500 juu ya usawa wa bahari, ilhali Kisumu iko karibu mita 1,130. Yaani gari-moshi likishafika kileleni hulazimika kushuka zaidi ya mita 1,300 kabla ya kuyaona maji, na kwa maneno yake, breki ndizo zilizowanyima watu wa karakana usingizi, si injini. Njia hiyo ilianza kujengwa Mombasa mwaka wa 1896 na ikafika ukingo wa ziwa Desemba 1901. Wakati huo ardhi yote tuliyoipita siku hiyo, kuanzia Nakuru hadi Kisumu, ilihesabiwa kuwa Uganda, na haikuhamishiwa upande wa Kenya ya leo hadi mwaka wa 1902. "Kwa hiyo usiwacheke Waingereza, mpwa wangu," alisema. "Reli ya Uganda ilifika Uganda kweli. Mpaka ndio uliohama."

Wanaopenda gari-moshi wajue kwamba safari za abiria kati ya Nairobi na Kisumu, zinazopitia Nakuru, zilirejeshwa Desemba 2021 baada ya reli kukarabatiwa. Hata hivyo, ulizeni stesheni kwanza kama safari zipo na ni siku zipi, kabla ya kupanga jambo lingine lolote.

Kericho tulisimama kwa chai ya maziwa na mandazi, shilingi 80 kwa kila mtu, katikati ya mashamba ya majani yaliyokatwa sawasawa kama zulia. Baada ya Awasi joto lilipanda ghafla, watu wakaanza kuvua sweta, na kufikia Ahero tulikuwa tukipita mashamba ya mpunga na wauzaji wa mchele waliokimbilia madirisha ya gari. Tuliingia Kisumu saa tano na nusu. Chumba chenye vitanda viwili na vyandarua kiligharimu shilingi 2,500. Chandarua kiulizeni kabla ya kuuliza kama kuna runinga, kwa kuwa eneo hili lina malaria mwaka mzima.

Alasiri tulikwenda Jumba la Makumbusho la Kisumu, lililofunguliwa mwaka wa 1980. Ndani ya uwanja wake kuna boma kamili la Kiluo, na nyumba ya mke wa kwanza imeelekea lango kuu ili kila aingiaye aonekane kutoka mlangoni pake. Mjomba aliizunguka mara mbili akiwa na mikono nyuma, kama mtu anayefikiria kununua kiwanja.

Alhamisi: Dunga

Tuliamka saa kumi na moja alfajiri na kuchukua tuktuk hadi ufuo wa Dunga, shilingi 250. Giza lilikuwa bado halijaisha, lakini kinamama wenye beseni na magunia walikuwa wamekwisha kufika, wengine wameketi juu ya ndoo zilizofudikizwa, wakiangalia upande wa maji. Boti za omena, yaani dagaa wa ziwani, ziliingia moja baada ya nyingine. Omena huvuliwa usiku kwa taa: zamani ilikuwa karabai, siku hizi wengi hutumia taa za betri zinazochajiwa kwa jua, na mwezi ukiwa mpevu wavuvi hupumzika kwa sababu samaki hao hawaifuati taa ziwa likiwa na mwanga wake.

Mara boti ilipogusa nchi kavu, bei ilianza kutajwa kabla ya injini kuzimwa. Omena hupimwa kwa beseni pale ufuoni na kwa gorogoro, yaani kopo la kupimia, sokoni, na tofauti kati ya vipimo hivyo viwili ndiyo riziki ya kinamama wale. Mmoja wao, mtu wa makamo aliyefunga leso mbili, aliniona nikipiga picha akaniita. Nilidhani atanikataza. Kumbe alitaka nishike upande mmoja wa wavu aliokuwa akiutandaza chini, ili amwage omena wake juu yake waanze kukauka. Alinionyesha namna ya kuwasambaza: kiganja kimelazwa, vidole vimetanuliwa, mkono ukipita juu yao bila kuwaponda, ili kila mmoja apate jua lake. Waliolaliana huoza upande wa chini, na mnunuzi mzoefu huvinusa vidole vyake kabla ya kutoa pesa. Kazi ilipokwisha alituletea uji wa wimbi katika vikombe vya plastiki na akakataa kulipwa. "Huyu mzee ni mgeni wangu," alisema, "wewe ndiye kibarua."

Jua lilipotoka tulikodi boti ya kasia kutoka kwa vijana wanaowatembeza wageni, shilingi 1,500 kwa saa moja, tukapita kandokando ya mafunjo. Kinamasi cha Dunga ni makao ya ndege wachache wasiopatikana nje ya mafunjo, na pia ya nzohe, swala mwenye kwato ndefu anayeishi majini. Hatukumwona nzohe. Tuliona viboko wawili kwa mbali, na nahodha wetu akageuza boti bila kuombwa. Mahali pengine gugu maji lilikuwa limefunga njia kabisa. Mmea huo mgeni ulianza kuonekana upande wa Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1990, na tangu hapo huja na kuondoka kwa kufuata upepo, leo uko Dunga na kesho uko ng'ambo.

Onyo kwa wenye watoto: maji ya ukingoni yana kichocho. Msiingie kuoga wala kutembea ndani yake bila viatu, hata mkiwaona wenyeji wakifua nguo hapo.

Kisumu yenyewe ni mji wa kutembea kwa miguu kabla ya saa nne. Ulizaliwa na reli ukiitwa Port Florence, ukapewa hadhi ya jiji mwaka wa 2001, na barabara zake kuu bado zinateremka kuelekea bandarini, jinsi ambavyo mji wa mizigo hupangwa. Bandarini, kutoka nje ya uzio, mjomba alitaka kuiona MV Uhuru, meli iliyoundwa miaka ya 1960 kubeba mabehewa ya reli hadi ng'ambo ya ziwa, ikalala miaka mingi, kisha ikarudishwa kazini mwishoni mwa 2019 kupeleka mafuta Uganda. Askari wa lango alikataa tusiingie, jambo ambalo ni haki yake, lakini alipojua kuwa mzee alikuwa mtu wa reli alimletea kiti na wakaongea nusu saa juu ya mabehewa.

Chakula cha mchana kilikuwa ngege (tilapia) mzima wa kukaanga na kutiwa mchuzi, ugali wa mtama na mnavu uliopikwa kwa maziwa, shilingi 700. Ngege wa ukubwa huo ufuoni alikuwa shilingi 400. Maoni yangu ni kwamba tofauti hiyo inafaa kulipwa mara moja tu. Baada ya hapo mnunue wenyewe na mkaangiwe palepale ufuoni.

Ijumaa: Kit Mikayi na feri ya Luanda Kotieno

Wengi huenda Mbita, mji wa kuvukia kwenda Rusinga na Mfangano, kwa barabara kupitia Ahero, Katito na Homa Bay. Sisi tulichagua njia ya kaskazini mwa Ghuba ya Winam, kwa sababu ina feri. Matatu ya kwenda Bondo ilitushusha Kit Mikayi, karibu kilomita 29 kutoka mjini, shilingi 200. Ni majabali makubwa yaliyopandana, marefu kuliko nyumba yoyote ya eneo lile, na mtu akiyatazama hujiuliza nani aliyeyapanga, ingawa ni mvua na upepo wa miaka mingi uliokula udongo na kuacha mifupa. Chini yake kuna pango ambamo waumini huja kufunga na kuomba. Tulikuta kundi la watu wenye kanzu wakiimba kwa sauti ya chini, na mwongozaji akatuomba tupite upande mwingine. Ni ombi la busara, kwani mahali hapa palikuwa pa ibada kabla hapajakuwa pa watalii.

Kutoka hapo ni Ndori, kisha barabara inakata kushoto kuelekea Luanda Kotieno, mwisho wa nchi kavu upande wa Rarieda. Tulifika saa saba, yaani baada ya wakati niliokuwa nimeusifu, na feri ilikuwa imefunga mlango nusu. Lori lililobeba magodoro lilikuwa limekwama kwenye mteremko wa kupandia, magurudumu ya nyuma yakizunguka bure, na abiria wote wakawa wahandisi. Mmoja alisema lishushwe mzigo, mwingine alisema liongezwe mzigo. Hatimaye wavuvi walileta mawe, wakayapanga chini ya magurudumu kwa mkono, na baada ya muda mrefu wa kelele lori likapanda.

Nauli ya abiria ilikuwa shilingi 150, na ng'ambo ni kama saa moja. Maji yalikuwa yamechafuka. Mawimbi ya Ziwa Victoria ni mafupi na ya karibukaribu kuliko ya bahari, kwa hiyo chombo hakiinuki na kushuka, bali hugongwa. Mwanamke mmoja aliyekuwa na mtoto mgongoni alimwona mjomba akijikunyata, akafungua mzigo wake, akatoa leso mpya ambayo bado ilikuwa na gundi ya dukani na kumfunika mabega. Tulipofika Mbita aliikunja upya na kuirudisha mzigoni. Ilikuwa zawadi ya mkwewe.

Mwenye gari awahi feri ya asubuhi, kwa sababu nafasi za magari ni chache na malori huanza kupanga foleni mapema.

Jumamosi: Rusinga

Rusinga ni kisiwa ambacho sasa kimeungana na nchi kavu. Tangu miaka ya 1980 kulikuwa na tuta la udongo lililoziba mlango wa maji kati yake na Mbita. Baadaye tuta hilo liliondolewa na daraja likajengwa, na leo maji na mitumbwi hupita chini yake. Tulikodi pikipiki mbili kwa shilingi 1,000 kila moja, nusu siku, tukakizunguka kisiwa.

Kaburi la Tom Mboya liko Kasawanga. Alizaliwa tarehe 15 Agosti 1930 kwenye shamba la mkonge huko Kilimambogo, mbali sana na hapa, lakini ukoo wake ni wa Rusinga na hapa ndipo alipozikwa baada ya kupigwa risasi jijini Nairobi tarehe 5 Julai 1969, akiwa waziri wa mipango ya uchumi. Ndani ya jumba la kumbukumbu kuna picha na vitu vyake. Mjomba alikaa kwa muda mrefu mbele ya picha za wanafunzi waliopelekwa Marekani kwa ndege kuanzia mwaka wa 1959. Mboya alitoka katika vyama vya wafanyakazi kabla ya kuingia serikalini, na kwa mtu aliyelipa ada ya chama cha wafanyakazi wa reli maisha yake yote, hiyo ndiyo sehemu ya historia yenye uzito. Mwongozaji alikuwa na hotuba aliyoikariri. Mjomba alimkatiza kwa maswali ya migomo na mishahara, na mazungumzo yaliyofuata yalikuwa bora kuliko hotuba.

Kisiwa hiki pia ndicho ambako Mary Leakey alipata fuvu la Proconsul mwaka wa 1948, mnyama wa jamii ya sokwe aliyeishi takriban miaka milioni 18 iliyopita. Mwaka wa 2015 wataalamu waliyapa mabaki ya Rusinga jina jipya la kisayansi, Ekembo. Mtu asitarajie bango kubwa wala jumba la kioo. Ni vilima vya udongo wa kijivu na mwekundu, mbuzi wakila juu yake, na ni marufuku kuokota chochote. Mwendesha pikipiki wangu alisema kuwa alipokuwa mtoto waliambiwa shuleni wasirushiane mawe sehemu ile, maana huenda jiwe likawa babu wa mtu.

Jumapili: Mfangano

Boti za Mfangano huondoka Mbita asubuhi. Tuliondoka saa mbili, shilingi 300 kwa kila mtu, na kila abiria akavaa jaketi ya kuokolea maisha kabla ya kamba kufunguliwa. Mkikuta boti isiyo na jaketi za kutosha, subirini nyingine. Ziwa lilikuwa shwari, na baada ya saa moja na kitu tulishuka Sena, kituo kikuu cha kisiwa, pamoja na kreti za soda, mifuko ya unga na jogoo mmoja aliyesafiri bila nauli.

Mfangano ni mlima uliosimama majini. Wenyeji wake ni Abasuba, ambao mababu zao wengi walivuka kwa mitumbwi kutoka upande wa Uganda, na lugha yao ni ya Kibantu, jamaa ya lugha za ng'ambo ya ziwa kuliko Kiluo kinachowazunguka. Leo wengi wao huzungumza Kiluo, na watoto tuliowasalimia walitujibu kwa Kiluo na Kiswahili. Jumba la makumbusho la jamii ya Abasuba linahifadhi vyombo na masimulizi yao, na hapo ndipo mgeni hupata mwongozaji wa kwenda kwenye michoro ya miambani.

Michoro iko mahali pawili. Kwitone iko juu mlimani, na kuipanda ni kazi ya magoti mazuri; Mawanga iko chini zaidi. Tulikwenda Mawanga. Chini ya mwamba ulioinama kama paa kuna miduara, mingine ndani ya mingine, ya rangi nyekundu na nyeupe. Huhusishwa na wawindaji wa kale wa jamii ya Watwa, walioishi hapa kabla ya wakulima na wavuvi, na baadaye Abasuba wenyewe walipatumia mahali hapo kwa maombi ya mvua. Rangi nyekundu bado ina nguvu. Nilisogea hadi nikaona kuwa ukingo wa duara moja haukunyooka. Aliyeuchora alianza upande wa kushoto, akakutana na uvimbe wa mwamba, akaupitishia rangi juu yake badala ya kuukwepa, kisha akaendelea. Mwongozaji alitukataza kugusa, na alikuwa na sababu, kwani jasho la mikono huiharibu rangi ambayo mvua ya karne nyingi haikuifikia.

Tulirudi Sena saa nane, na upepo ulikuwa umeshafika kabla yetu. Nahodha aliutazama ufuo, akatazama mawingu, akasema haendi. Abiria wawili walimbembeleza, mmoja akiwa na usaili wa kazi Homa Bay kesho yake. Nahodha hakubishana nao. Aliitoa injini kwenye boti, akaiweka begani na kwenda nayo nyumbani. Nilimheshimu sana.

Tulianza kutafuta pa kulala, lakini mzee wa kanisa aliyetuona tumeketi na mabegi alimtuma kijana wake atuite. Tulikula ugali na mbuta (sangara) wa kuchemshwa kwa nyanya na ndimu, tukalazwa katika chumba cha wanawe waliokuwa shuleni, na asubuhi hakutaka hata kusikia habari ya malipo. Mjomba alikuwa amebeba kilo mbili za sukari na majani ya chai kutoka Kericho, desturi yake anapokwenda asikojua mtu, na mama mwenye nyumba alizipokea kwa mikono miwili. Usiku, tulipotoka nje, ziwa ambalo mchana lilikuwa tupu lilikuwa na taa nyingi kuliko mji wa Mbita. Upepo ulikuwa umekwisha, na wavuvi wa omena walikuwa kazini.

Kwa hiyo anayekwenda Mfangano apange kulala huko, na abebe pesa taslimu kidogo pamoja na M-Pesa, kwani mtandao hupotea nyuma ya mlima.

Jumatatu

Boti ya asubuhi, matatu ya Homa Bay, kufua nguo na kulala mapema.

Jumanne: Thimlich Ohinga

Kutoka Homa Bay tulipita Rodi Kopany hadi Ndhiwa kwa matatu, shilingi 250, na kutoka hapo kwa pikipiki kwenye barabara ya vumbi, shilingi 600 kwa kila mmoja kwenda tu. Anayetaka kurudi siku hiyohiyo akubaliane na mwendesha pikipiki amsubiri. Malipo ya kiingilio katika makumbusho ya taifa hufanywa kwa njia ya kielektroniki, kwa hiyo simu iwe na chaji.

Thimlich Ohinga ni maboma ya mawe yaliyojengwa bila saruji wala udongo wa kushikisha, pengine karne ya 16, na iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka wa 2018. Ziwa letu la Nakuru limo katika orodha hiyohiyo tangu 2011, pamoja na Elmenteita na Bogoria. Nina uhakika kuwa wakazi wengi wa Nakuru hawajui lolote kati ya hayo mawili, na jirani zangu kadhaa nimeshawauliza.

Maboma makuu ni manne, na kubwa zaidi ni Kochieng'. Kuta zake zina urefu wa kati ya mita moja na nusu na zaidi ya mita nne. Siri yake ni kwamba ukuta umejengwa kwa nyuso mbili, wa ndani na wa nje, na katikati mawe madogo yamesokomezwa ili kuzifunga nyuso hizo pamoja. Ukiliangalia jiwe moja utaona limekalia mawili, na juu yake yamekaa mawili mengine. Mjomba, ambaye katika ujana wake alijenga kuta za kuzuia maporomoko kando ya reli, alikaa mbele ya ukuta akapitisha kidole kwenye maungio. "Huyu fundi hakulazimisha jiwe," alisema. "Alilisubiri lile linaloingia."

Milango ni mifupi makusudi, ili anayeingia ainame na kichwa chake kitangulie mbele ya walinzi. Ndani kuna mabaki ya mazizi, mahali palipofanyiwa kazi ya chuma, na juu ya mwamba kuna mashimo ya bao yaliyochongwa. Waliojenga kwanza hawakuwa wa mwisho kuishi humo: jamii moja ilihama, nyingine ikaja ikarekebisha kuta, hadi mwanzoni mwa karne ya 20 walipoondoka wa mwisho.

Mvua ilitukuta njiani tukirudi Ndhiwa, saa tisa kamili. Pikipiki ziliteleza, tukashuka na kutembea hadi nyumba ya kwanza yenye paa la bati. Mama wa nyumba hiyo hakuuliza sisi ni nani. Alisogeza kuku, akaweka viti na kuleta sahani ya nyoyo, mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja, yenye chumvi ya kutosha. Tulikula tukisikiliza bati hadi saa kumi na moja, tukafika Migori usiku tukiwa na matope magotini.

Jumatano: Kisii, Kericho, Nakuru

Tulipitia Tabaka, mahali ambapo mawe laini ya Kisii huchimbwa na kuchongwa. Jiwe hukatwa kwa msumeno wa kawaida wa mbao, huchongwa kwa panga na kisu likiwa na maji, na husuguliwa kwa msasa ndani ya beseni kabla ya kupakwa nta. Nilinunua bakuli kwa shilingi 350, theluthi ya bei niliyoionea Nairobi. Waambieni walifunge kwa majani ya migomba na gazeti, maana ukingo wake huvunjika kwa urahisi.

Kutoka Kisii tulipita Sotik na Litein, na kabla ya Kericho, saa tisa alasiri, mvua ikaanza tena. Ni mvua ya kila siku, na chanzo chake ni upepo uleule uliotuzuia Mfangano: hewa yenye unyevu hupanda kutoka ziwani mchana, hukutana na hewa ya upande wa mashariki juu ya nyanda hizi, na mawingu hupasuka alasiri. Chai ya Kericho huishi kwa mvua hiyo, na dereva wetu aliilaani hadi Londiani. Tulifika Nakuru saa mbili usiku.

Ijumaa: kilima cha jirani

Baada ya kupumzika siku moja, mjomba alinipigia simu asubuhi na kuniuliza kama nimewahi kuingia Hyrax Hill. Iko karibu kilomita nne kutoka katikati ya mji, kando ya barabara ya Nairobi, na nimepita mbele ya kibao chake tangu nikiwa mwanafunzi. Tulikwenda kwa matatu ya shilingi 50. Mary Leakey alianza kuchimba hapo mwaka wa 1937, na mwaka wa 1943 mahali hapo pakatangazwa kuwa kumbukumbu ya kitaifa. Kuna makaburi ya kale, misingi ya boma la mawe na, juu ya miamba, mashimo ya bao yaliyochongwa kwa safu kama yale ya Thimlich.

Mjomba aliokota vijiwe vya njiani, akavigawa katika mashimo na kuniambia nianze. Tulicheza hadi mlinzi alipokuja kutuuliza kwa upole kama tumelipa, na tulipomwonyesha risiti kwenye simu akakaa upande wangu na kunielekeza. Hata hivyo nilishindwa. Atakayekwenda abebe kofia na maji, na afike mapema, kwani sehemu kubwa ya kilima haina kivuli.